Nyonga bandia haipiti kwenye tundu la kifungo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoitoa kuhusu upasuaji wa kubadilisha nyonga kwa mkato mdogo. Makala yenyewe ilisomeka vizuri, sikatai. Lakini huku kwetu imezua jambo. Mimi ni fundi cherehani katika Soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na nyonga yangu ya kulia ni ya bandia. Wanaonifahamu wanalijua hilo, kwa hiyo tangu gazeti lile lizunguke sokoni (na gazeti moja Mwanjelwa hupita mikono mingi kabla ya kufungia maandazi), wateja wananiletea vitenge na maswali kwa pamoja.

Aliyenifanya nishike kalamu ni bibi mmoja wa Tukuyu. Nyonga yake imekwisha. Akitembea unaona bega linavyozama kila hatua. Daktari alishamwandikia upasuaji, wanawe walishachangishana, nauli ipo. Sasa amegoma. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikatwi mkato mrefu. Nasubiri ile ya tundu iliyoandikwa gazetini." Nikamuuliza, "Shikamoo tena bibi, utaisubiri mpaka lini?" Akajibu, "Mpaka ifike."

Na si yeye peke yake. Kuna baba mmoja wa Uyole, mkulima wa viazi, naye ameahirisha. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya hawa, na kwa ajili yako Mhariri, ili mkirudi kwenye habari hii mwandike kile ambacho mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kukijua kabla ya kukubali au kukataa kisu.

Kwanza hilo tundu. Watu wengi hapa wameshasikia upasuaji wa matundu madogo: kamera inaingizwa tumboni, mfuko wa nyongo unatolewa, mgonjwa anabaki na alama chache ambazo mwakani huzioni. Makala yenu iliacha msomaji adhani nyonga nayo hubadilishwa hivyo. Haibadilishwi hivyo. Daktari anakikata na kukitoa kichwa cha fupa la paja chote. Anachonga shimo la nyonga na kupachika kikombe, ambacho kwa mtu mzima kina upana wa kama sentimita tano. Kisha anazamisha mhimili wa chuma ndani ya fupa la paja na kuweka juu yake kichwa kipya cha mviringo. Mimi nimetoboa matundu ya vifungo karibu maisha yangu yote, na sijaona kifungo kinachopita kwenye tundu dogo kuliko chenyewe. Mkato ambao wataalamu wanauita mdogo ni wa sentimita 10 au pungufu kidogo, yaani kama inchi nne. Ule wa kawaida ni wa sentimita 15 na kuendelea, wengine hufika 25. Tofauti ipo, lakini hakuna tundu hapo.

Pili, anayejisifia udogo wa mkato inabidi aulizwe: mdogo wapi, kwenye ngozi au ndani? Mpwa wangu ni tabibu wilayani Rungwe, na ndiye aliyenichorea mambo haya juu ya karatasi ninayokatia ruwaza. Nyonga hufikiwa kwa nyuma, kwa pembeni au kwa mbele. Anayepita nyuma hupasua katikati ya msuli mkubwa wa tako na kukata misuli mifupi inayogeuza paja kwa nje, kisha akaishona tena. Anayepita mbele hupenya kati ya misuli bila kuikata, na hiyo ndiyo njia inayosifiwa sana siku hizi. Makala yenu iliita njia hiyo uvumbuzi mpya. Mjerumani Carl Hueter aliiandika mwaka 1881, na akina Judet, ndugu wawili wa Paris, walikuwa wakiweka nyonga bandia kwa kupitia mbele miaka ya 1940. Kipya ni vifaa, meza maalumu na matangazo.

Njia hiyo ya mbele ina faida zake. Wengi wanaopitiwa mbele hutembea mapema zaidi katika wiki za mwanzo. Lakini ina gharama zake pia, na hizo sikuziona gazetini. Kuna mshipa wa fahamu wa ngozi ya paja ambao huguswa kirahisi, mtu akabaki na ganzi upande wa nje wa paja. Fupa la paja linaweza kupasuka wakati wa kuzamisha mhimili, maana nafasi ni finyu. Na daktari anayejifunza njia hiyo hupata matatizo mengi zaidi kwa wagonjwa wake wa kwanza, makumi kwa makumi, kabla mkono haujazoea. Sasa mgonjwa wa Chunya au Makete anayemsaka daktari wa mkato mdogo popote alipo anaweza kumkuta ambaye yeye mgonjwa ndiye wa kwanza kwake.

Kuna utafiti mmoja ambao mpwa wangu alinisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Mwaka 2005 madaktari wa Belfast, kule Ireland ya Kaskazini, walichapisha matokeo ya wagonjwa 219 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walikatwa mkato usiozidi sentimita 10, nusu wakakatwa wa sentimita 16. Daktari alikuwa yule yule, mwenye uzoefu mkubwa, na uangalizi ulikuwa ule ule. Wagonjwa na waliowapima hawakujua nani alikatwa mkato gani. Damu iliyopotea haikutofautiana kwa maana, maumivu vivyo hivyo, kutembea vivyo hivyo, siku za kulala wodini vivyo hivyo.

Mtu atauliza: mbona basi wale wa Marekani wanarudi nyumbani siku ile ile? Ni kweli wanarudi. Huko Chicago kuna daktari aliyejulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mikato miwili midogo na kuwaruhusu wagonjwa siku ile ile. Lakini ukiangalia vizuri, pamoja na kisu kulikuwa na mengine mengi: mgonjwa alifundishwa kabla, ganzi na dawa za maumivu zilipangwa upya, akasimamishwa saa chache baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Profesa Henrik Kehlet wa Denmark alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba ni mambo hayo, yakifanywa pamoja, yanayomtoa mtu kitandani haraka. Na mengi kati ya hayo hayahitaji meza ya mamilioni. Yanahitaji muuguzi na mtaalamu wa mazoezi wanaojua wanachofanya na waliopewa muda wa kukifanya. Hapo ndipo ningependa waandishi wenu waende na kalamu: wodi zetu za mifupa zina wataalamu wangapi wa mazoezi, na mwisho wa wiki nani yupo?

Nieleze yangu kwa ufupi. Niligongwa na bodaboda karibu na Kabwe, shingo ya fupa la paja ikavunjika, nikafungwa skrubu. Mfupa uliunga, lakini kichwa chake kikafa taratibu kwa kukosa damu, kikabonyea. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio ulikuwa mguu wa kazi. Nilipoanza kutafuta upasuaji nilikutana na wakala mmoja, simtaji, anayepeleka watu nje ya nchi. Alikuwa na kijitabu chenye picha za makovu mafupi mafupi. Nikamuuliza ni nyonga ya aina gani nitawekewa. Akasema ya kisasa. Imetengenezwa na nani? Akasema, mama, hayo ni ya madaktari. Inadumu miaka mingapi? Akanionyesha tena kovu. Mteja akiniletea suti ya harusi huniuliza kitambaa kimetoka wapi na kama kitachuja rangi. Mimi nilikuwa nanunua kitu cha kukaa ndani ya mwili wangu na naonyeshwa mshono.

Daktari bingwa aliyenipasua hatimaye, huko Dar es Salaam, nilimuuliza moja kwa moja kuhusu mkato mdogo. Alicheka kidogo, akanieleza kwamba nina skrubu za zamani za kutoa na mfupa uliobadilika umbo, na kwamba anayefanya kazi hiyo kwenye nafasi finyu anaweza kukiweka kikombe kimepinda. Kikombe kilichopinda huchomoka au husagika mapema. "Nitakata kadiri ninavyohitaji kuona," akasema. Kovu langu nimelipima kwa tepu ya kazini: inchi saba na nusu. Limekaa chini ya sketi, na anayelijua ni mimi na anayeniogesha. Siku hizi najiogesha mwenyewe.

Yaliyonitesa yalikuja baadaye, nyumbani, na wala hayakutokana na urefu wa kovu. Nilipitiwa kwa nyuma, kwa hiyo nilikatazwa kwa miezi ya mwanzo kukunja nyonga kupita pembe mraba, kupandanisha miguu, na kugeuza mguu kwa ndani. Hebu fikiria masharti hayo katika nyumba ya mtaani kwetu Isanga, hapa Mbeya. Choo ni cha kuchuchumaa. Jiko la mkaa liko chini na mpishi anakaa kwenye kigoda. Nguo zinafuliwa kwenye beseni, mtu ameinama. Uani kuna mteremko ambao mwezi wa tatu unakuwa utelezi mtupu. Hospitali walinipa karatasi nzuri yenye michoro ya choo cha kukalia na bafu lenye vyuma vya kushika. Aliyeniokoa ni seremala wa jirani, aliyenitengenezea kiti kirefu chenye tundu cha kuweka juu ya choo, na shemeji yangu aliyejenga meza ya matofali ili jiko lipande juu. Gharama yake ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na upasuaji, na hakuna aliyeniambia niviandae kabla ya kuondoka nyumbani. Mngeliandika hilo, Mhariri, mngewasaidia watu wengi kuliko ile picha ya mzee anayepanda ngazi mliyoiweka kwenye makala.

Na safari. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na baada ya upasuaji wa nyonga damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu likaua. Ndiyo maana wagonjwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda na kuambiwa watembee. Mimi nilikatiwa tiketi ya kiti cha mbele, na kijana wangu akamwomba dereva asimame ili niteremke ninyooshe mguu: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ipogolo, Makambako. Abiria walinung'unika hadi tulipomaliza mlima Kitonga, baadaye wakawa wao ndio wananikumbusha. Huduma hii ikipatikana karibu, kwa uhakika na kwa idadi inayowafanya madaktari wazoee, mtu wa Sumbawanga au Njombe atapunguziwa hatari ambayo mkato mfupi hauwezi kuigusa.

Sasa nirudi kwenye kitu chenyewe kinachobaki ndani. Nyonga bandia tunazozijua leo zimetokana na kazi ya Mwingereza John Charnley, ambaye baadaye alipewa cheo cha Sir, katika hospitali ya Wrightington. Mwanzoni, miaka ya mwisho ya 1950, kikombe chake kilikuwa cha Teflon, ile ile ya vikaango visivyoshika chakula. Iliteleza vizuri sana, lakini baada ya miaka michache ikasagika, na unga wake ukachokoza mwili. Ilimbidi awarudie wagonjwa wale na kuwafungua upya. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine, polithini ngumu, pamoja na kichwa kidogo cha chuma cha milimita 22, na hiyo ndiyo iliyodumu. Mikato yake ilikuwa mirefu. Watu wake walitembea miaka na miaka.

Halafu mwaka 2010 kampuni moja kubwa ilizirudisha kutoka sokoni, duniani kote, nyonga zake za chuma kwa chuma, kwa sababu zilikuwa zikiharibika mapema na kumwaga chembe za chuma mwilini. Ilijulikanaje? Kwa madaftari. Sweden wanaandika kila nyonga tangu mwaka 1979, Australia walianza mwaka 1999, Uingereza na Wales mwaka 2003. Kila mgonjwa, kila aina ya kifaa, nani alirudi kufunguliwa tena na baada ya muda gani. Ni madaftari ya namna hiyo yaliyowezesha watafiti, mwaka 2019, kukadiria kwamba nyonga bandia 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Na msiseme hayo ni ya nchi tajiri. Malawi, hapo ng'ambo ya mto Songwe tu, walianza daftari lao la taifa la viungo bandia mwaka 2005, na kutokana nalo walionyesha kwamba sababu iliyoongoza kwa wagonjwa wao ilikuwa kichwa cha fupa kufa kwa kukosa damu, tatizo kama langu, na si uzee kama wa Ulaya. Mtu anaweza kutoka Kyela asubuhi akanunua sukari ng'ambo na kurudi kabla ya jua kuzama. Naomba mwandishi wenu avuke mpaka huo huo akawaulize walivyofanya, kisha aje na majibu yao Wizarani.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja kuna jambo dogo la kufanya hata leo. Vifaa hivi huja na vibandiko vyenye jina la mtengenezaji na namba, na hubandikwa kwenye faili. Omba kimoja, au omba upige picha ukurasa ule, ukaitunze. Siku nyonga ikileta shida, daktari atakayeifungua atahitaji kujua kilichomo. Mimi changu kimekaa ndani ya kitabu cha oda, ukurasa wa kwanza, na nimekipiga picha kwenye simu ya mwanangu. Muulize pia daktari amefanya ngapi kwa njia anayoitaka. Daktari mzuri hachukii swali hilo. Wangu alinijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Waandishi mtuulizie kwa maandishi: nyonga bandia imo kwenye kitita kipi, kifaa chenyewe analipa nani, na anayevunjika shingo ya paja akiwa na miaka 70 kule Ludewa anapelekwa wapi wiki hiyo hiyo? Maana huyo hana nafasi ya kuchagua mkato.

Kwa bibi wa Tukuyu na baba wa Uyole: nyonga iliyokwisha haikai kimya ikikusubiri uamue. Misuli ya tako na paja inanyauka, goti la pili na mgongo vinabeba mzigo usio wao, na kadiri misuli inavyopungua ndivyo mazoezi ya baadaye yanavyokuwa magumu, hata ungekatwa mkato wa inchi mbili. Dawa za maumivu nazo zina hesabu yake. Diklofenaki inapatikana duka lolote la dawa bila swali, lakini ukiila miezi na miezi inachubua tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mzee mwenye presha. Upasuaji una hatari zake, maambukizi yapo, kuchomoka kupo, na mtu ana haki ya kuukataa. Akatae kwa sababu hizo basi, akizijua, asikatae kwa kungoja tundu.

Bibi nimezungumza naye tena wiki hii. Amekubali kurudi kliniki, kwa masharti: mpwa wangu amsindikize, na mimi nimshonee nguo za wodini. Kwa kuwa wengine watauliza, nishonavyo ni hivi. Gauni la mikono mipana, lililofunguka mbele kote kwa vifungo vikubwa, ili asilivae kwa kichwani wala kwa kuinama. Sketi ya kujifunga isiyo na zipu ubavuni, maana zipu itakaa juu ya kidonda upande wowote watakaopita. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu, lisikanyagwe na gongo. Mfuko mmoja mkubwa mbele wa kubebea simu na chupa ya maji, kwa sababu mikono yote miwili itakuwa kwenye magongo. Viatu vya kuingiza tu, visivyo na kamba, soli isiyoteleza. Yadi nne za kitenge zinatosha, na anayeleta kabla ya Ijumaa anapata wiki inayofuata.

Fundi cherehani,
Soko la Mwanjelwa, Mbeya.
(Jina na namba ya simu Mhariri anavyo.)